Blauzi ya kata mikono ofisini kipindi hiki cha joto, poa au nijikaze tu na koti?

karani_mgeni

Wadau habari za saa hizi. Naombeni mawazo yenu kwa hili, najua kuna watakaosema ni jambo dogo ila mimi linanichelewesha kila asubuhi nikiwa mbele ya kabati. Nimeanza kazi juzijuzi tu kwenye ofisi ya mambo ya mahesabu, siku ya kwanza nikapewa karatasi ya mavazi, imeandikwa "mavazi nadhifu ya kiofisi" basi, halafu chini wakakataza jinzi zilizochanika, kandambili na fulana zenye maandishi. Mikono haijatajwa kabisa. Sasa joto lenyewe ndo hili, unafika kazini mgongo umeshalowa kabla hata hujawasha kompyuta, na mi nina blauzi zangu mbili tatu za kata mikono ambazo ni za heshima tu, shingo imepanda, bega limefunikwa, siyo zile za kamba. Pia nina gauni la bluu iliyoiva linapita goti nalo halina mikono.

Kinachonichanganya ni kwamba watu wa idara ya masoko kule chini wanavaa hivyo na hakuna anayesema neno, ila huku kwetu sijaona hata mmoja, na bosi wetu ambaye ni mama anashinda na koti tangu asubuhi mpaka anaondoka. Rafiki yangu mmoja ananiambia vaa bwana, mkono ni mkono tu. Mwingine kasema nisithubutu mpaka nimalize kipindi cha matazamio. Nyie mnaonaje, na je nikija na koti halafu nikalivua nikiwa mezani hapo nahesabika nimevaa nini? Kaka zetu mnakaribishwa kuchangia ila naomba msianze na "wanawake wa siku hizi".

dada_ghorofa_ya_pili

Karibu kazini mdogo wangu. Watu wa masoko waache huko huko walipo, wao kila ofisi wana sheria zao. We mwangalie aliye kwenye kazi kama yako hatua moja au mbili juu yako, huyo ndo kipimo chako. Na kuhusu bosi wako, swali siyo kwamba anavaa koti, swali ni amevaa nini NDANI ya koti. Mchungulie siku akilivua kufuta kitu mezani au akienda kunawa mikono, maana wengi wa wale unaowaona na makoti ndani wamevaa kata mikono tupu, koti ni la kikaoni na la kiyoyozi. Ukikuta hivyo ujue jibu lako umeshalipata bila kumuuliza mtu.

Halafu tutofautishe vitu jamani. Watu wakisikia kata mikono wanaweka kapu moja blauzi ya kufunika bega lote, ile ya mgongo wa singlendi inayokatiza katikati ya bega, na kigauni cha kamba. Hivi ni vitu vitatu tofauti kabisa. Ya kwanza kwenye ofisi nyingi inapita. Ya pili inategemea na ofisi. Ya tatu ni ya likizo, usijidanganye hata kama umeweka mtandio juu. Mi naangalia mshono unakaa wapi, ukikaa kwenye mfupa wa bega pale pale mkono unapoanzia na mkanda wa sidiria hauonekani hata ukigeuka, naivaa. Mshono ukishasogea kuelekea shingoni hiyo sitoki nayo.

Hilo la kuvua koti mezani: ukilivua, umevaa kilicho ndani. Hakuna ujanja hapo. Kwa hiyo usivae ndani kitu ambacho ukiitwa ghafla kwa mkurugenzi unaanza kutafuta koti kwa mikono miwili huku simu iko sikioni.

tai_shingoni

Sisi wanaume nani atutetee? Nikija na singlendi kesho narudishwa getini, na hapa nimefunga tai, shati la mikono mirefu, soksi, viatu vya ngozi, joto ni lile lile. Mkitaka mikono nje basi na sisi turuhusiwe kaptura. Na siyo utani, mwezi Juni 2017 kule Nantes Ufaransa madereva wa mabasi walikataliwa kuvaa kaptura wakati wa joto kali, wakaja kazini na SKETI, kwa sababu sketi zilikuwa zinaruhusiwa kwa wenzao wa kike. Picha zao zilizunguka dunia nzima na mwisho wakubwa wao wakalegeza.

dada_ghorofa_ya_pili

@tai_shingoni nakuelewa ila singlendi kwa blauzi ya kata mikono hapo umechanganya. Singlendi ni nguo ya ndani. Mwenzake blauzi ya kata mikono ni shati lako la mikono mifupi, na hilo wengi mnaruhusiwa sema mnaona aibu wenyewe mnadhani mtaonekana walimu wa michezo. Tai ndo nakuunga mkono, hiyo kitu wakati wa joto sijui ina kazi gani.

cherehani_haidanganyi

Mi ni fundi, nashona sana nguo za watu wa maofisini, ngoja niseme kitu ambacho naona hamkigusi. Mnabishana bega wakati shida kubwa iko kwenye tundu la mkono. Bega linaweza kuwa limefunikwa vizuri kabisa ila tundu likachongwa kubwa, sasa ukinyoosha mkono kushusha faili juu ya shelfu yule aliyekaa pembeni yako anaona ubavu na sidiria yote hadi kishikizo. Wewe mbele ya kioo hukuona chochote kwa sababu ulisimama umeshusha mikono.

Nguo ya kata mikono inatakiwa tundu lake lipandishwe juu kidogo kuliko la nguo yenye mikono, kama sentimita moja hivi, na lisogezwe lishike mwili. Ndo maana ukichukua shati lako la zamani ukalikata mikono tu nyumbani na mkasi halikai sawa hata ulipinde vizuri namna gani, tundu lile lilichongwa kwa ajili ya kushonewa mkono. Wateja wananiletea sana hizo nguo niwarekebishie, na nikishazikuta pembeni hazina kitambaa cha akiba nawaambia ukweli hapa hamna kitu. Likipandishwa kupita kiasi nalo ni tabu, linakata kwapa na jasho linachora duara pale pale.

Kabla hujavaa fanya hivi: simama pembeni kwa kioo siyo mbele, nyoosha mkono kama unaandika juu ya ubao, uone pengo la ubavuni. Halafu inama kama unaokota kalamu uone kifuani. Halafu kaa kwenye kiti weka mikono kama uko kwenye kibodi, hapo ndo utaona kama kitambaa kinatuna mbele ya kwapa kikaacha mdomo wazi. Ukipita hapo kote vaa uende zako. Ikibaki na pengo dogo mbele ya kwapa tu fundi anaweza kulikunja ndani akalishona lisionekane, ni kazi ndogo, nguo usiitupe.

Na kitambaa bwana. Pamba nzito kidogo au kitani, au kitambaa chepesi kilichowekewa bitana. Poliesta nyepesi inang'ang'ania mgongoni, satini ikipata tone moja la jasho inakutangaza. Rangi ya kijivu iogopeni kama mnatoka jasho, yaani kijivu ndo mbaya kuliko zote, nyeupe na bluu iliyoiva na yenye maua maua inaficha.

mzee_wa_kaunta

Mimi nitakuwa tofauti na ninyi, mnisamehe. Nimefanya kazi ya kuhudumia watu uso kwa uso maisha yangu yote na ninachokijua ni kwamba mteja akija na shida yake ya pesa hajui wewe umesoma nini, anakusoma kwa macho kwanza. Inaweza isiwe haki lakini ndivyo ilivyo. Binti ni mgeni, bado hajajulikana kwa kazi, kwa nini ajulikane kwa mabega? Avae mikono mifupi miezi ya mwanzo, ile inayofika nusu ya mkono, joto ni lile lile tofauti yake ni ndogo mno. Akishajenga jina lake pale avae anachotaka na hakuna atakayemuuliza. Sisemi ni dhambi. Nasema ana cha kupoteza na faida yenyewe haionekani.

ukucha_mwekundu

Mzee wangu shikamoo, ila hapo kwenye "tofauti ni ndogo" inaonekana hujawahi kuvaa blauzi ya mikono mifupi inayobana kwapa saa nane mchana 😂 Na hii habari ya mabega mbona iko vichwani mwetu tu, Michelle Obama kwenye picha yake rasmi ya 2009 alivaa gauni jeusi la kata mikono na lulu shingoni, watu wakapiga kelele wee mwisho wakachoka wakazoea.

mzee_wa_kaunta

Marahaba mwanangu. Huyo mama hakuwa kwenye kipindi cha matazamio.

ukucha_mwekundu

😂😂 haya mzee umenimaliza

afisa_wa_mafaili

Mi nimekaa upande wa rasilimali watu muda mrefu, nami nichangie kidogo. Karatasi kama hiyo aliyopewa mleta mada ndo chanzo cha ugomvi mwingi sana maofisini. "Nadhifu", "ya heshima", "ya kiofisi", maneno haya kila mtu anayajaza na ya kwake, na anayeamua mwisho wa siku anakuwa ni yule aliyesimama mlangoni siku hiyo. Mfano mzuri ni Bunge la Marekani, Julai 2017 ilitoka habari kwamba waandishi wa habari wa kike walizuiwa kuingia ukumbi ulio nje ya chumba cha Bunge kwa sababu nguo zao hazina mikono, wakati utaratibu wenyewe ulikuwa unazungumzia mavazi yanayofaa na mengine yote ni tafsiri ya wasimamizi. Tarehe 14 wabunge wanawake wakajikusanya kwenye ngazi za jengo wote wamevaa kata mikono, wakapiga picha, na Spika Paul Ryan akawa ameshasema namna ya kuusimamia utaratibu huo inahitaji kwenda na wakati. Mwezi huo huo Uganda ikatoa waraka kwa watumishi wa umma, wao wakaandika kabisa wazi kwamba nguo isiyo na mikono kwa wanawake hapana, na wanaume wakaambiwa mashati ya mikono mirefu na tai. Huupendi huo waraka? Sawa, lakini mtumishi anajua amesimama wapi. Na msidhani mambo haya yameisha, Januari 2023 baraza la wawakilishi la jimbo la Missouri lilikaa likajadili mikono ya wabunge wanawake mpaka likapitisha kwamba lazima wavae koti, baada ya mabishano wakakubali na sweta la vifungo lihesabike.

Kwa hiyo dada yangu ushauri wangu ni uulize, tena kwa maandishi, na uulize kwa kifupi usije ukaonekana unaanzisha kesi. Andika hivi tu: "Habari, naomba kufahamu kama blauzi au gauni lisilo na mikono lakini linalofunika bega linaruhusiwa katika idara yetu kipindi hiki cha joto. Asante." Wakijibu ndiyo una barua pepe yako, siku mtu akikutazama kwa jicho la pembeni unayo. Wakijibu hapana umejua bila kurudishwa nyumbani. Usimuulize mwenzako wa meza ya jirani, yeye atakupa maoni yake na maoni yake hayatakulinda.

Kitu kingine ambacho huwa nawaambia mameneja: kama mtu amevaa vibaya muite pembeni, siyo kwenye korido, na umwambie ni NGUO gani na kwa nini. Ile ya "jirekebishe mavazi" halafu unaondoka unamwacha anajipekua mwili mzima haina maana yoyote.

tai_shingoni

Wajapani wao walimaliza hili zamani. 2005 Wizara yao ya Mazingira ikaanzisha kampeni ya Cool Biz, viyoyozi viwekwe nyuzi 28, na ili watu wasife wakaambiwa vueni makoti na tai, waziri mkuu mwenyewe Koizumi akaonekana bila tai. Baada ya lile tetemeko la 2011 umeme ukawa shida wakalegeza tena mpaka fulana za kola na mashati ya Hawaii. Yaani serikali ndo imekuamrisha uvae kirahisi. Na Hispania 2022 wakapiga marufuku viyoyozi kwenye majengo ya umma na biashara kushuka chini ya nyuzi 27, waziri mkuu wao Pedro Sánchez akaja mbele ya waandishi bila tai akasema na nyie fanyeni hivyo. Nasubiri siku yetu.

baridi_ya_kiyoyozi

Nyuzi 27 wakati mimi nakaa chini ya tundu la kiyoyozi kabisa, nje watu wanaungua ndani natafuta soksi 😭 Ndo ninachoshangaa kwenye huu uzi, mnaongelea kata mikono wakati sisi wengine tukivaa kata mikono mpaka saa tano vidole vimekuwa vya bluu. Kuna utafiti ulitoka 2015 kwenye jarida la Nature Climate Change, watafiti wa Uholanzi, walionyesha kwamba viwango vya baridi vya maofisini vilipigiwa hesabu miaka ya 1960 kwa kutumia mwili wa mwanaume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Mwanamke kwa kawaida mwili wake ukiwa umekaa unatoa joto kidogo kuliko huyo, kwa hiyo chumba kikimtosha yeye wewe unatetemeka. Nikalielewa koti la bosi wako hapo hapo.

Mi suluhisho langu ni sweta jepesi la vifungo linaishi kwenye kiti, halirudi nyumbani isipokuwa kufuliwa. Asubuhi nakuja na kata mikono, njiani sijachemka, nikifika nalivaa. Koti zito la suti kwenye usafiri wa asubuhi ni mateso ya bure.

karani_mgeni

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu yote haya. Mrejesho: nimeandika ile barua pepe kama nilivyoelekezwa, neno kwa neno, nikajibiwa siku hiyo hiyo kwamba inaruhusiwa ila siku za vikao na wateja wa nje tuvae koti au kitu cha mikono. Na bosi nimemchungulia kama nilivyoambiwa, alivua koti kwenye printa karatasi ilipokwama, ndani ana blauzi ya kata mikono ya krimu nzuri hiyo, nikacheka peke yangu.

@cherehani_haidanganyi nimefanya jaribio lako la kioo. Blauzi mbili zimepita, moja ya njano imefeli vibaya sana, nikinyoosha mkono pembeni kote kuko wazi na siku zote nilikuwa naiona ya heshima kuliko zote kwa sababu ya shingo. Gauni la bluu bega liko sawa, tundu liko sawa, ila nalipenda mno nataka nilivae hata siku za wateja bila koti. Inawezekana kuliongezea vimikono vidogo?

@mzee_wa_kaunta nimekusikia mzee wangu, wiki hii ya kwanza nitaanza na mikono mifupi halafu nione.

mzee_wa_kaunta

Vizuri binti. Kazi njema.

cherehani_haidanganyi

Ya njano ilete kwa fundi wako akate kipande chembamba cha kitambaa kinachofanana akiunge ubavuni chini ya kwapa, ukishusha mkono hakionekani kabisa. Kama kitambaa cha kufanana hakipatikani basi ivae na sweta juu usilivue.

Gauni inawezekana, ila kwanza lipindue uangalie mpindo wa chini. Kama umekunjwa mpana, tuseme sentimita saba nane, fundi anafungua anakata hapo hapo anapata vimikono vile vifupi vya kufunika juu ya bega tu, na rangi itakuwa ile ile, ingawa lifue kwanza maana mpindo haupigwi na jua kama mwili wa gauni na unaweza kukuta umeiva zaidi. Urefu utapungua kidogo, umesema linapita goti kwa hiyo unayo nafasi. Kama mpindo ni mwembamba usimlazimishe fundi atafute kitambaa cha bluu dukani, bluu hazifanani hata siku moja, mchana utaonekana umeunga. Hapo vaa koti.

Na mwambie asitoboe bitana, aishike na mshono ule ule wa bega.